Saksofoni Chini ya Kiti

Kuna hadithi ya Julio Cortázar, mwandishi wa Argentina, inayoitwa "El perseguidor", yaani mtu anayefukuzia kitu. Ilitoka mwaka 1959. Ndani yake yumo mpulizaji saksofoni, Mmarekani mweusi, jina lake Johnny Carter. Yuko Paris kwenye chumba cha hoteli ya bei rahisi, amejifunika blanketi, anatetemeka. Siku chache zijazo anatakiwa jukwaani na saksofoni hana. Ameisahau kwenye treni ya chini ya ardhi. Aliiweka chini ya kiti, na anamsimulia rafiki yake jinsi alivyosafiri kwa raha akijua chombo kipo pale miguuni, salama kabisa. Kisha akashuka bila nacho.

Rafiki huyo ni Bruno, mkosoaji wa muziki, ambaye ameandika kitabu cha maisha ya Johnny. Kitabu kimependwa. Bruno ndiye anayetusimulia hadithi yote, na si mtu mbaya: anampa Johnny hela, anamtembelea, anamhurumia. Ila ukimsoma vizuri unagundua kuna kitu kinamkosesha usingizi kuliko afya ya rafiki yake. Anaogopa Johnny asije akasema au kufanya jambo litakalokiharibu kitabu. Mwishoni Johnny anakufa, na Bruno anatuambia bila aibu kwamba bahati nzuri toleo la pili lilikuwa bado halijatoka, kwa hiyo aliwahi kuingiza taarifa ya kifo pamoja na picha ya mazishi. Sasa kitabu kimekamilika. Kuna habari za tafsiri nyingine. Mke wake amefurahi.

Nimeisoma hadithi hii mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona Bruno ni mnafiki wa kupindukia. Mara ya tatu ilinibidi niifunge na kutoka nje kupunga hewa, kwa sababu nilikuwa nimeshafanya yaleyale. Nitaeleza. Kwanza niliweke swali lenyewe wazi: mtu aliyeumia kweli, akapuliza muziki akiwa ndani ya maumivu hayo, mwandishi anayachukua maumivu hayo kwa haki gani? Na sisi wasomaji tunaolipia tukayasome, tunanunua nini hasa?

Cortázar hakuficha Johnny ametoka wapi. Hadithi imetolewa kwa kumbukumbu ya mtu aliyetajwa kwa herufi tu, Ch. P., na kila mpenzi wa jazi anajua ni Charlie Parker. Parker alifariki New York tarehe 12 Machi 1955, akiwa na miaka 34. Daktari aliyeuona mwili wake alikadiria ni wa mtu wa miaka hamsini na kitu. Unga na pombe vilikuwa vimemaliza kazi. Yeye na Dizzy Gillespie na wenzao wachache ndio walioibadilisha jazi miaka ya arobaini wakaja na ule mtindo wa bebop, wa kasi na wa kona nyingi, ambao wacheza dansi wengi hawakujua waufanyie nini.

Kuna tukio moja la Parker ambalo Cortázar amelichukua karibu lilivyo. Tarehe 29 Julai 1946, huko Los Angeles, Parker aliingia studio akiwa hawezi hata kusimama sawasawa. Unga aliouzoea ulikuwa umekosekana, akawa anajaziliza kwa pombe kali. Wakarekodi "Lover Man". Usiku uleule chumba chake cha hoteli kikashika moto, akakamatwa, na mwisho akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Camarillo, alikokaa kama miezi sita. Mwenye lebo aliitoa ile rekodi. Parker alichukia sana. Kwake ile ilikuwa sauti ya mtu aliyeanguka njiani, na watu wameuziwa tiketi wakamtazame.

Sasa hapa ndipo jambo linapokuwa gumu. Ukiisikiliza "Lover Man" ile, inakushika. Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi ambaye hakuwa mtu wa kudanganywa na hadithi za magazetini, aliihesabu miongoni mwa kazi bora za Parker. Katika hadithi ya Cortázar, wimbo huo umepewa jina la "Amorous". Johnny hataki utoke. Bruno anakiri kwamba Johnny ana sababu ya kukasirika, halafu papo hapo anausifu kuwa ni moja ya vilele vya jazi. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Mwenye mali amesema hapana, na mali ni nzuri mno.

Hapo wengi wetu tunakimbilia jibu rahisi: mateso yake ndiyo yaliyouzaa muziki, kwa hiyo hayakupotea bure. Jibu hili linatuliza. Linafanya msikilizaji asijione ametazama tu mtu akizama. Nami naliona ni uongo unaodhuru, na hadithi za kubuni ndizo zilizousambaza kuliko kitu kingine chochote.

Hebu hesabu. Mwaka 1938 Dorothy Baker aliandika riwaya ya "Young Man with a Horn", iliyochochewa na Bix Beiderbecke, mpuliza korneti aliyemalizwa na pombe akiwa na miaka 28. Cortázar akamchukua Parker. Michael Ondaatje, katika "Coming Through Slaughter" ya mwaka 1976, akamchukua Buddy Bolden wa New Orleans, aliyerukwa na akili. Geoff Dyer aliandika "But Beautiful" mwaka 1991, na ukiangalia wanamuziki aliowachagua, kina Lester Young, Bud Powell, Chet Baker, Art Pepper, unaona ni kama orodha ya wadi ya hospitali. Sasa niulize: riwaya kubwa ya Dizzy Gillespie iko wapi? Dizzy alisimama bega kwa bega na Parker kwenye bebop, hakuuingia unga, alikaa na mke mmoja mpaka mwisho, akafariki mwaka 1993 akiwa na miaka 75. Alikuwa mcheshi, mwalimu wa vijana, mtu wa nidhamu. Na Clifford Brown je, aliyepuliza tarumbeta kwa usafi wa kushangaza, hakugusa madawa, akafa kwenye ajali ya gari mwaka 1956 akiwa na miaka 25 tu? Na Sonny Rollins, aliyekuwa teja kweli, akajiponya, na baada ya kupona ndipo akarekodi "Saxophone Colossus"? Baadaye huyohuyo Rollins aliacha maonyesho kwa muda akawa anakwenda kufanya mazoezi peke yake juu ya Daraja la Williamsburg, saa nyingi, jua na baridi.

Mtu anayefanya mazoezi darajani ni hadithi pia. Ila haina sindano, na waandishi wengi wameipita wakitafuta sindano.

Madhara yake si ya kufikirika. Enzi za Parker wanamuziki vijana waliingia kwenye heroini wakiamini ndiyo siri ya vidole vyake. Parker mwenyewe alikana hadharani, akasema anayedai anapiga vizuri zaidi akiwa amelewa ni mwongo. Hawakumsikiliza. Walisikiliza hadithi iliyosimuliwa juu yake, na baadhi yao wakazikwa.

Naomba sasa niseme langu.

Baba yangu mdogo alikuwa mpuliza tarumbeta. Alipiga katika bendi ambayo jina lake lilikuwa na neno Jazz, kama bendi nyingi za wakati ule: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, na kule ng'ambo ya ziwa OK Jazz ya Franco. Wajuzi watakuambia hawakuwa wanapiga jazi, ilikuwa rumba na mitindo yao wenyewe. Kweli. Lakini lile neno walilichagua, na baba mdogo alikuwa na sahani mbili tatu za Wamarekani ambazo alizisikiliza kama mtu anayesikiliza barua ya nyumbani. Bendi ilivunjika, kazi zikapungua, akaingia kwenye gongo. Alifariki usiku, kwenye mtaro, hatua mia kutoka mlangoni kwake.

Niliandika hadithi juu yake. Nilibadilisha jina. Niliandika mtaro, niliandika gongo, niliandika tarumbeta lililowekwa rehani kwa mwenye duka. Ikaingia kwenye kitabu cha hadithi fupi, watu wakaisifu, na kwenye usomaji mmoja nilimwona dada mmoja mstari wa mbele anafuta machozi. Nikwambie ukweli, nilifurahi. Nilijiambia nimemheshimu marehemu.

Baada ya usomaji ule alinifuata kijana mpiga gitaa. Hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na mbili. Akanishika mkono kwa nguvu, pombe inamnukia, akaniambia, "Kaka, umenifungua macho. Nyumbani wananipigia kelele niache kunywa. Hawaelewi kwamba bila hiki kitu msanii hawezi kutoa." Nikababaika. Nikasema kitu kama "jitunze, mdogo wangu," nikaondoka. Sijui yuko wapi leo.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa mama mdogo, mjane wa marehemu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo mwanawe alikuwa amemsomea hadithi nzima. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea chai. Tukakaa. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Umeandika vizuri mwanangu. Lakini huyo siye."

Nikamuuliza, "Nimesema uongo wapi, mama?"

"Hujasema uongo. Mtaro ni kweli. Gongo ni kweli. Ila alikuwa anaamka kabla ya adhana, anaziba mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa ili nyie watoto msiamke, anafanya mazoezi. Kila siku ya Mungu, mpaka mwaka ule wa mwisho. Hilo hukuliandika. Wewe umeandika siku moja aliyoanguka. Sisi tuliishi naye siku zote nyingine."

Katika "El perseguidor" Johnny anamwambia Bruno jambo hilohilo kuhusu wasifu wake. Anamwambia kitabu ni kizuri, lakini kuna kitu kimesahaulika, na kitu chenyewe ni yeye Johnny. Nilipofika ukurasa huo mara ya tatu ndipo nilipotoka nje.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tukiichukua hivyo ilivyo, basi tuache kabisa kuandika juu ya watu walioumia, kwa sababu hatuijui adhabu yao. Siwezi kukubali. Mtazame Buddy Bolden. Alizaliwa mwaka 1877, wengi wanamhesabu kama mmoja wa waanzilishi wa jazi, na hakuna hata rekodi moja ya sauti yake inayojulikana kubaki. Mwaka 1907 alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Louisiana, akakaa humo mpaka alipokufa mwaka 1931. Miaka 24. Akazikwa kaburi la maskini lisilo na alama. Picha yake inayojulikana ni moja tu, akiwa na bendi. Bila Ondaatje, wengi wetu tungelijulia wapi jina hilo? Riwaya ile inajaribu kusikia muziki ambao haupo tena, na kuna kurasa humo ambapo karibu unausikia.

Lakini Ondaatje alimpa Bolden kinyozi na gazeti la umbea, mambo yaliyokuwa yakisimuliwa mitaani. Miaka miwili baadaye mtafiti Donald Marquis alitoa kitabu baada ya kuchimbua kumbukumbu za mji, akaonyesha kwamba Bolden hakuwa mwenye kinyozi wala mhariri. Ondaatje mwenyewe alikuwa amekiri ndani ya kitabu kwamba baadhi ya tarehe na mambo ameyageuza. Ni mwungwana kwa hilo. Hata hivyo jina aliliacha lilelile, na mwenye jina hakuwahi kupewa nafasi ya kusema kitu, hai wala mfu. Mimi nilibadilisha jina, nikajiona nimeweka sawa. Pale mtaani kwetu nani hakujua ni nani?

Wengine watasema, basi turudi kwenye adabu yetu: marehemu hasemwi vibaya. Shaaban Robert alipoandika "Wasifu wa Siti binti Saad", alimtoa binti wa Fumba, muuza vyungu, aliyefika Bombay kurekodi mwaka 1928, akamweka mbele yetu kama kioo cha bidii na tabia njema. Nakipenda kitabu kile na nadhani kilimtendea Siti heshima aliyonyimwa na waliomdharau kwa umaskini na sura yake. Ila mimi nikimng'arisha baba mdogo, nikiufuta mtaro, nitakuwa nimemwibia mama mdogo kitu kingine: zile usiku alizokesha akimsubiri. Hata yeye hakuniambia nifute. Alisema mtaro ni kweli.

Nimejikuta narudi kwa James Baldwin. Hadithi yake "Sonny's Blues" ilitoka mwaka 1957. Msimulizi ni mwalimu wa hesabu Harlem, mtu mwenye maisha yaliyonyooka, na anasoma gazetini kwamba mdogo wake Sonny, mpiga piano, amekamatwa kwa heroini. Kwa muda mrefu kaka huyu hataki kujua. Anajua mapema mno Sonny ni nani. Hata Charlie Parker, ambaye Sonny anamtaja kama nyota yake, kaka hajawahi kumsikia. Anapokuja kufiwa na binti yake mdogo kwa polio ndipo anapoanza kuelewa kwamba kuna mambo hayafunikwi kwa maisha yaliyonyooka.

Kuna mahali katika hadithi hiyo ambapo wanasikia mwanamke akiimba nyimbo za dini barabarani, na Sonny anasema inamchukiza kufikiri kwamba mtu lazima ateseke kiasi kile ili aimbe vile. Inamchukiza. Hayo maneno yametoka kwa mtumiaji wa unga, mwanamuziki, aliye ndani ya moto wenyewe. Kaka ndiye anayetaka kuyafanya mateso yawe na maana ya haraka, Sonny hataki. Mateso yapo, anasema kwa namna yake, na kila mtu anatafuta njia asizame ndani yake. Muziki ni njia mojawapo ya kuogelea. Maji hayastahili shukrani kwa hilo.

Kisha wanakwenda klabu, Sonny anapanda jukwaani baada ya zaidi ya mwaka bila kugusa piano, na mwanzo anakwama. Mpiga besi, mzee anayeitwa Creole, anamvuta taratibu, anamwachia nafasi, anamngoja. Kaka amekaa kwenye giza, anasikiliza. Alichofanya cha pekee ni kuagiza kinywaji kipelekwe jukwaani. Na Sonny yuko hai. Baldwin hatuahidi kwamba atapona, kikombe kile juu ya piano kinatetemeka, lakini hadithi haikuhitaji maiti ili ikamilike. Linganisha na Bruno na picha yake ya mazishi.

Sonny ni wa kubuni, utaniambia, hakuna mjane wa kulalamika. Ni kweli, na Baldwin ana nafuu hiyo. Lakini tofauti kubwa naiona mahali pengine. Katika Baldwin na katika Cortázar pia, anayewekwa kizimbani ni anayesimulia. Kaka anahukumiwa kwa kutosikiliza, Bruno anahukumiwa kwa kusikiliza kwa ajili ya kitabu. Cortázar alichukua maisha ya Parker, naam, na akalipa kwa kujichora mwenyewe ndani ya Bruno, na kutuchora sisi. Mimi katika hadithi yangu sikuwamo. Niliandika kama jicho lisilo na mwenyewe. Yule mpwa aliyekuwa anaona aibu kumwamkia baba yake mdogo mbele ya wenzake wa sekondari, ambaye alivuka barabara mara mbili ili asikutane naye, hakuwamo kabisa. Huyo ni mimi.

Kwa hiyo jibu langu, kwa sasa, ni hili. Maumivu ya mtu si mwiko kuandikwa. Ila asiyeandika mazoezi hajaandika mwanamuziki, ameandika mlevi aliyekuwa na tarumbeta. Na anayeandika kana kwamba yeye hakuwepo, wakati alikuwepo, anadaiwa. Kuhusu lile wazo la bei, kwamba aliteseka sisi tukapata nyimbo na hesabu ikafungwa, nalikataa. Nyimbo zilipatikana pamoja na mateso, nyingi licha ya mateso. Ukitaka kujua Parker angepiga nini akiwa na miaka 75, kamsikilize Dizzy uzeeni, halafu ukae kimya kidogo.

Wiki mbili zilizopita mchapishaji alinitumia ujumbe. Kitabu kinachapwa tena, je, nina masahihisho? Nimemwandikia nataka kuongeza kurasa mbili: alfajiri, kitambaa kwenye mdomo wa tarumbeta, na kijana wa sekondari anayevuka barabara. Mhariri amejibu kwa upole kwamba hadithi itapungua makali, kwamba ule mwisho wa mtaroni hautapiga kama zamani.

Nadhani yuko sahihi. Nimemwambia aziweke hivyohivyo.